Rupia ya Arobaini na Mbili

Waliniita mahakamani, Mpwapwa,
mimi, sonara wa kibanda cha nyuma ya stendi,
nije na mizani ya marehemu baba,
niseme mbele ya hakimu
kama rupia hizi ni za Mdachi
au ni za Yeremia Chedego.

Yeremia namjua.
Miaka mitatu alinivutia mivukuto.
Mimi ndiye niliyemwonyesha
jinsi ya kukandamiza kitu kwenye mchanga laini wa mto,
kikatoka, kikaacha uso wake humo
kama mtoto aliyeanguka kifudifudi matopeni.
Nilimfundisha kwa ajili ya hereni.
Hakimu hakuniuliza hilo.

Kumbe aliyeyusha betri kuukuu za magari,
akapaka fedha juu, nyembamba kama utando wa maziwa,
kisha akazizika zizini
chini ya mkojo wa ng'ombe, zizeeke:
miaka mia kwa siku thelathini.
Akazipandisha basi la Kondoa
kwa Mwalimu Isuja, mstaafu,
aliyezilaza mojamoja katika kasha la kitambaa chekundu
hadi kiinua mgongo kikaisha.

Mwalimu alikaa benchi la mbele.
Kavaa koti. Joto lile la Novemba, koti.
Alipoulizwa hasara yake alisema:
"Nilikuwa nawaonyesha watoto wa jirani.
Nikawaambia, shikeni, hii ni rupia.
Mtoto wake aliitwa hela,
alikufa, akatuachia jina.
Niliwadanganya, mheshimiwa.
Andika na hilo."

Nikapima.
Gramu nane. Nane na nusu. Nane.
Ya kweli ni kumi na moja na ushee.
Nikaidondosha moja mezani.
Rupia halisi huita, tena huita kwa muda,
mpaka karani ainue kichwa.
Hii ilisema *ko*, kama kizibo.

Nilipima kumi kati ya arobaini na mbili.
Saa saba ilikuwa inakaribia,
harufu ya wali wa mama ntilie imeshaingia dirishani.
"Na zilizobaki?"
Nikasema, nikiwa bado chini ya kiapo,
"Mama yao mmoja, mheshimiwa."

Miaka miwili, Isanga.
Amlipe Mwalimu fedha zake,
kwa kuuza nini, hakuna aliyesema.
Vielelezo vyote viyeyushwe,
sonara ayeyushe, karani ahesabu.
Haki. Nami nasema haki:
mwizi wa kuku huiba kuku,
huyu aliiba mpaka kauli ya mzee.

Basi nikawasha mkaa.
Risasi haina ubishi. Zililegea mapema,
masharubu, tai, mwaka, vyote uji.
Arobaini na moja.
Moja ikakataa.
Ikaelea juu ya uji wa binti zake,
mfalme wa mbali, kofia yake yenye tai,
ananitazama, hana hata jasho.
Ile iliyolala mchangani
ikawazaa wote.
Mama yao mmoja, nilisema.
Nilisema kweli bila kuijua,
na hiyo, sijui sheria inaiitaje.

Babu yangu aliuza mbuzi
apate tatu za namna hii,
akazipeleka bomani kwa miguu
kulipia kibanda alichokijenga kwa mikono yake.
Zile hazikupungua hata gramu.
Hakuna aliyeitwa kuja na mizani.

"Mzee, kuna moja haijayeyuka," nikasema, kijana yule
akaangalia karatasi yake, hakuangalia moto.
"Imeandikwa zote. Ongeza mkaa."

Koleo ninalo mkononi.
Mwalimu yuko nje, kakaa kwenye tofali,
koti lake kaliweka magotini.
Kiapo changu, nikikidondosha mezani,
nadhani kitasema *ko*.